Moja kwa Kila Ununuzi

Wanawake wa Corliss Ferry walizijua kuponi kuliko mchungaji wao alivyoijua Biblia. Tangu kiwanda cha aluminiamu kifungwe na wanaume warudi nyumbani kukodolea macho televisheni, gazeti la Jumapili lilinunuliwa kwa ajili ya zile kurasa za rangi za katikati zenye kuponi za punguzo tu. Habari zenyewe zilitumika kuwashia moto. Baada ya ibada wanawake waliteremka na bahasha zao kwenye chumba cha chini cha kanisa, wakabadilishana: nipe ya sabuni, nikupe ya chakula cha paka. Mtu aliweza kuendesha gari maili ishirini kwenye theluji ili aokoe senti sabini na tano, na hakuna aliyemcheka, maana karibu wote walikuwa hivyo hivyo.

Verna Stahl, keshia wa kaunta namba nne katika supamaketi ya Beckwith, alikuwa amewahudumia wanawake hao kwa miaka kumi na tisa. Sheria alikuwa nazo kichwani. Kitu kimoja hubeba kuponi mbili: moja ya kiwanda kilichokitengeneza, na juu yake moja ya duka. Ya tatu haipandi, hata ulie. Kuponi ya dawa ya meno hailipii mswaki, na ya chupa kubwa hailipii chupa ndogo. Mashine ikiikubali kuponi hunyamaza. Ikiikataa hulia, na hapo keshia huamua mwenyewe: airudishe kuponi kwa mteja, au abonyeze kitufe cha kijani ili mashine iimeze hivyo hivyo.

Kitufe hicho cha kijani ndicho kilichomponza. Mwezi wa Oktoba walikuja dada wawili wacheshi, wamebeba mafaili mazito ya kuponi yaliyopangwa kama ya ofisini. Walimwita Verna "mama yetu wa namba nne" na siku moja walimletea keki ya maboga. Mashine ililia, Verna akabonyeza. Ililia tena, akabonyeza tena, kwa sababu nyuma yao kulikuwa na foleni, na makao makuu yalikuwa yanapima kila keshia anapitisha vitu vingapi kwa dakika. Novemba kuponi zile zikarudi kutoka kule zinakopelekwa kulipwa, zimegongwa muhuri mwekundu. Zilikuwa feki, zimechapishwa sebuleni kwa mtu huko Columbus. Dada wale hawakuonekana tena. Verna alipewa onyo la maandishi, na kabla wino haujakauka furushi la pili likarudi, naye akapewa onyo la pili.

Onyo la tatu lilikuwa kufukuzwa. Na Verna hakuwa mtu wa kufukuzwa, si mwaka ule. Mumewe, Wendell, alikuwa amevuta vumbi la kiwanda kile kwa miaka ishirini na sita, na sasa alilala akiwa amekaa, bomba la oksijeni puani. Bima iliyomlipia hospitali ilikuwa ya Verna, imefungwa kwenye kazi ya Verna kama mbuzi kwenye kigingi. Kazi ikienda, bima nayo imekwenda. Tarehe kumi na mbili Februari Wendell alikuwa apasuliwe pafu, na daktari alikuwa amesema wazi kwamba operesheni hiyo haingoji masika.

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Ijumaa ya pili ya Januari, saa tisa alasiri, Rhonda Pettry alifika kaunta namba nne akisukuma kitoroli, mjukuu wake Raelynn amekaa mbele akitafuna mkanda wa kiti. Rhonda alikuwa na miaka arobaini na sita. Alifua mashuka kwenye nyumba ya wazee, na alikuwa anamlea yule mtoto wa miezi kumi tangu binti yake apotelee kwenye dawa za kulevya. Verna alimjua kama keshia anavyomjua mteja: alijua anakula nini, hakujua anaishi vipi.

"Bi Verna, leo nimekuja na neema zangu," alisema Rhonda. Alipanga pakiti sita za nepi kwenye mkanda wa kaunta, na juu yake akaweka kuponi sita. Hazikuwa za punguzo. Zilikuwa za bure kabisa: lete hii, chukua pakiti moja.

"Umezitoa wapi hizi?"

"Kiwandani kwenyewe. Nepi zao zilimtoa huyu vipele mpaka kiunoni, nikawaandikia barua. Nilikuwa na hasira mpaka kalamu inatoboa karatasi. Wakaniomba radhi, wakanitumia hizi."

"Zimemtoa vipele, na unabeba nyingine sita?"

"Wanasema wamebadilisha kitambaa. Halafu bure ni bure, mama. Vikitoka tena, naandika barua nyingine."

Mwanamke aliyesimama nyuma alicheka, na Verna naye akacheka. Alipitisha kuponi ya kwanza. Mashine ikalia.

Ilikuwa lazima ilie. Kuponi ya bure haina bei ndani yake. Ina kisanduku kitupu ambacho keshia hujaza bei kwa mkono, halafu hubonyeza kitufe cha kijani. Verna alilijua hilo tangu mwaka wake wa kwanza. Lakini kidole chake kilikataa kwenda kwenye kijani. Aliigeuza kuponi, akasoma yale maandishi madogo ambayo kwa miaka kumi na tisa hakuwa na sababu ya kuyasoma, na macho yake yakatua kwenye maneno manne: moja kwa kila ununuzi. Mkononi alikuwa na sita.

"Imeandikwa moja kwa kila ununuzi, Rhonda."

"Ndiyo. Moja kwa kila pakiti."

"Haijaandikwa pakiti. Imeandikwa ununuzi. Umekuja mara moja, unanunua mara moja."

"Zote zinaandikwa hivyo, Bi Verna, hata za gazetini. Si namba ya simu hiyo hapo nyuma? Wapigie, watakwambia."

Foleni ilikuwa imefika watu saba. Mwanamume mmoja mwenye kofia ya mawindo alisema kwa sauti, bila kumtazama mtu, "Wengine tuna watoto wa kuwachukua shule, jamani." Verna aliitazama ile namba. Aliitazama na saa. Halafu akabonyeza kengele ya kumwita meneja.

Trent Wagler alikuwa na miaka thelathini na mmoja, na tai yake siku zote ilikuwa imelala begani kwa sababu ya kukimbiakimbia. Alizichukua zile kuponi akaziinua kwenye taa, akazisugua kwa kidole gumba. Hakujua anatafuta nini. Mfukoni alikuwa na waraka wa makao makuu: kuponi za kughushi zikizidi dola mia moja, usibishane na mteja, ita polisi. Pakiti sita zilikuwa dola mia moja sitini na mbili.

"Una hakika ni feki?" alimuuliza Verna mbele ya watu wote.

Hapo ndipo Verna angeweza kusema sijui, ngoja nipige simu. Aliwaza onyo la tatu. Aliwaza Wendell na bomba lake.

"Nina hakika," alisema.

Mwanzoni Rhonda alicheka, akidhani ni utani. Alipoona Trent anazungumza kwenye simu huku amemgeuzia mgongo, kicheko kilimkauka. "Trent, sikiliza, baba," alisema kwa sauti ndogo. "Mimi niko kwenye kifungo cha nje. Chukua nepi zako, chukua na kuponi, sizitaki tena. Niache nitoke tu." Mwaka uliopita aliwaandikia watu wa umeme hundi isiyokuwa na fedha, na hakimu akampa miezi kumi na minane ya kuripoti. Mtu wa namna hiyo akishtakiwa kwa lolote, huingia ndani bila dhamana mpaka hakimu apate nafasi ya kumwona. Mji mzima ulijua hivyo, hata Trent.

Polisi alikuja. Hakuwa mkali; alimsubiri Rhonda amfunge mtoto zipu ya koti. Baadaye akaja mwanamke wa ustawi wa jamii na kiti cha mtoto cha kwenye gari, kipya, bado kina karatasi ya bei. Raelynn alilia kuanzia kaunta namba nne mpaka mlangoni, na baada ya mlango kufungwa waliendelea kumsikia. Verna alimgeukia mwanamke aliyefuata kwenye foleni, akamuuliza kama ana kadi ya duka.

Jioni hiyo alitia sahihi maelezo ambayo Trent alikuwa ameshamchapia. Yalisema kwamba mteja alijua fika kuponi ni za kughushi. Polisi waliondoka na kuponi zenyewe, lakini Trent alikuwa ametoa nakala ya moja, mbele na nyuma. Aliibandika kwenye chumba cha mapumziko, akaandika juu yake kwa kalamu nyekundu: FEKI, MJIFUNZE. Wiki iliyofuata Verna alipewa cheti cha Jicho Kali na kadi ya zawadi ya dola hamsini. Alinunulia nyama ya kuchoma kwenye oveni, na Wendell akala vizuri siku mbili. Trent alimnong'oneza kwamba mambo yakitulia, mwisho wa Machi, yale maonyo mawili atayachomoa kwenye faili.

Mambo yalitulia. Alisikika mtu akisema Rhonda bado yuko ndani. Mwingine alisema mtoto amepelekwa kwa watu wa wilaya nyingine. Verna alisikia yote hayo kama anavyosikia tangazo la bei kwenye kipaza sauti, akaendelea kupitisha vitu. Mwizi ni mwizi, alijiambia, na kwa wiki tatu maneno hayo yalimtosha.

Jumanne tarehe nne Februari makao makuu yalimtuma bwana mmoja aitwaye Duffield kuja kuwafundisha makeshia mambo ya kuponi. Walikaa wanane chumba cha mapumziko, boksi la donati katikati. Duffield alimwomba Verna asimame, akamsifu, wenzake wakapiga makofi. Halafu akawasha projekta.

"Sasa maneno," alisema. "Maneno ndiyo yanayotuponza. Muamala ni safari yote ya mteja, tangu kitu cha kwanza mpaka risiti. Ununuzi ni kila kitu kimoja. Mtu akibeba supu kumi, huo ni muamala mmoja na ununuzi kumi. Kuponi ikisema moja kwa kila ununuzi, maana yake ukiwa na supu kumi unaweza kutumia kumi. Kinachokatazwa ni kuweka mbili kwenye kopo moja."

"Miaka yote hii?" aliuliza keshia wa kaunta namba saba.

"Miaka yote hii, mama."

Watu wakacheka, wakaanza kusimuliana ni wateja wangapi wamewafukuza. Verna alikuwa ameshika nusu ya donati. Aliiweka chini. Nyuma ya kichwa cha Duffield, ukutani, ilikuwa ile nakala yenye wino mwekundu, na kutoka pale alipokaa aliweza kuisoma namba ya simu.

Aliinakili kwenye kiganja pamoja na tarakimu za kuponi, na wakati wa chakula cha mchana akaenda kukaa kwenye gari lake, vioo vimefungwa. Simu ilipokelewa na dada mmoja mwenye mafua. Verna alijitambulisha, akamsomea tarakimu zile.

"Hizo ni zetu," alisema yule dada. "Ziko sita, zinafuatana. Zilitumwa Desemba kwa Rhonda Pettry wa Corliss Ferry, pamoja na barua ya kuomba radhi. Ana tatizo lolote? Naona hajatumia hata moja, na mwisho wake ni Machi thelathini na moja."

"Angeweza kuzitumia zote siku moja?"

"Bila shaka. Pakiti sita, kuponi sita." Yule dada alipenga kamasi. "Mwambie mtoto akitoka vipele tena atuandikie."

Simu nzima ilichukua dakika nne. Verna alibaki na simu sikioni baada ya mwenzake kukata.

Alikwenda moja kwa moja ofisini kwa Trent na kumwambia yote, amesimama. Trent alifunga mlango. Alikaa, akashika kichwa, na kwa muda alionekana kama kijana aliyeligonga gari la baba yake.

"Nilikuuliza una hakika," alisema.

"Uliniuliza."

"Ukasema unayo. Mbele ya watu. Ukatia na sahihi."

"Karatasi uliichapa wewe, bwana mdogo."

"Haya, tumo wote. Sasa sikia, Verna. Tukienda kusema leo, hilo siyo onyo la tatu tena. Hiyo ni kesi. Watalishtaki duka, na duka litatutupa nje sisi wawili kabla ya saa kumi." Aligeukia kalenda ya ukutani. "Wendell anapasuliwa lini?"

"Tarehe kumi na mbili."

"Basi mwache mzee apasuliwe. Wiki moja tu. Rhonda amepewa wakili, na wakili akiwa na akili atapiga simu hiyo hiyo uliyopiga wewe. Ndiyo kazi yake."

Tusimsingizie Trent. Yeye alifungua mlango tu; aliyeingia kwa miguu yake ni Verna. Alisema sawa, akarudi kaunta namba nne, na alasiri ile mtu alipomletea makopo manane ya mahindi na kuponi nane, alibonyeza kitufe cha kijani mara nane bila kuinua macho.

Hakumwambia Wendell. Wendell alipomuuliza mbona hali chakula, alisema mguu unamuuma. Aliosha vyombo vilivyo safi. Mara mbili alichukua ufunguo wa gari akafika mpaka kwenye ngazi za mahakama, mara zote mbili akakumbuka ile karatasi ya hospitali yenye gharama za chumba cha operesheni kwa asiye na bima, akarudi. Watu husema majuto ni mjukuu. Hapa mjukuu mwenyewe alikuwa wa mtu mwingine, kwa hiyo Verna aliona yanasubirika.

Wendell alipasuliwa tarehe kumi na mbili na akatoka salama. Daktari alikuja akitabasamu, akasema walichokata kimekatika vizuri. Verna alilia kwenye kiti cha plastiki cha hospitali mpaka muuguzi akamletea maji, na muuguzi hakuweza kujua analia machozi ya aina mbili.

Jumatatu tarehe kumi na saba aliomba ruhusa ya asubuhi na kwenda kwa wakili wa wasio na uwezo, chini kabisa ya jengo la mahakama, ambako mabomba ya maji ya moto yalipita juu ya meza. Wakili alikuwa kijana mwembamba, na mafaili yake yalikuwa yamejaa mpaka sakafuni. Verna alisema jina la Rhonda Pettry, na wakili akafikiri kidogo kabla ya kulikumbuka.

"Hiyo imekwisha. Alikiri."

"Alikiri nini? Hakufanya kitu."

"Mama, alikuwa amekaa ndani wiki nne. Kesi ya mtoto ilikuwa isikilizwe Jumatatu tarehe kumi. Mwendesha mashtaka alisema akikiri Ijumaa, atatoka Ijumaa. Akikataa, angengoja mpaka Aprili. Akasema niandikie nakiri, nataka Jumatatu niwepo." Wakili alivua miwani akaifuta kwa shati. "Jumatatu alikuwepo. Hakimu wa watoto akamuuliza, je, uliiba? Atajibu nini? Alikuwa ameshakiri siku tatu nyuma. Mtoto amebaki kwa wale walezi, na wameshauliza habari za kumchukua kabisa."

"Hukupiga simu kiwandani?"

Wakili aliyatazama mafaili yake, kisha akamtazama Verna. "Nina watu mia moja na arobaini," alisema.

Verna alimweleza kila kitu, isipokuwa siku aliyopiga simu. Wakili aliamka kitini kama mtu aliyemwagiwa maji. Alichapa maelezo ukurasa mmoja, akayasoma kwa sauti, na alipofika mstari wa tatu akakatisha kusoma. "Hapa pana nafasi ya tarehe. Uligundua lini?"

"Kuna tofauti?"

"Tofauti kubwa. Kama ulijua baada ya tarehe saba, alipokiri, hiyo ni bahati mbaya, na mahakama inajaa bahati mbaya. Kama duka lilijua kabla yake na likanyamaza, naweza kurudi kwa hakimu nikamwomba aufute ule ukiri. Itachukua miezi, na wale walezi watapinga. Lakini nitakuwa na kitu cha kushika."

"Na mimi?"

"Wewe utapoteza kazi, mama. Sikudanganyi. Na wanasheria wa duka watataka kujua kwa nini ulisema uongo kwanza na ukweli baadaye."

Wendell alikuwa bado wodini. Alikuwa na wiki sita za matibabu mbele yake, kila wiki na hesabu yake. Verna alikunja karatasi, nafasi ya tarehe ikiwa tupu, akasema ataileta kesho.

Hakwenda nyumbani. Alipanda kilima cha nyuma ya dobi, mpaka kwenye nyumba ndogo ya mbao aliyopanga Rhonda. Tuseme ukweli, hakwenda kwa ujasiri. Alitaka Rhonda amlilie, amtukane, halafu amwambie imeshatokea, nenda zako. Mtu akishatukanwa hujiona amelipa.

Rhonda alifungua mlango akiwa na soksi tu. Alikuwa amekonda, na nywele zake zilikuwa zimekatwa kwa mkasi wa jela. Hakumkaribisha ndani na hakumfukuza.

"Kuponi zako zilikuwa za kweli," alisema Verna.

"Najua."

"Niliwapigia. Waliniambia ziko sita na zimetumwa kwako. Nimekuja kusema nimekosa, Rhonda. Nilikuwa na maonyo mawili, na mume wangu—"

"Uliwapigia lini?"

Rhonda aliuliza bila ukali, kama anayeuliza basi linapita saa ngapi. Verna alifungua mdomo. Ingekuwa rahisi kusema juzi. Trent angesema vile vile, na yule dada mwenye mafua hakuna ambaye angemtafuta.

"Tarehe nne," alisema.

Rhonda alisogeza midomo kidogo, akihesabu. "Mimi nilikiri tarehe saba."

"Ndiyo."

"Wewe ulikuwa unajua tangu Jumanne. Mimi nimekaa mle ndani Jumanne, Jumatano, Alhamisi, najiuliza niseme nimeiba au niseme sijaiba. Na wewe ulikuwa hapo dukani."

"Nilikuwa dukani."

"Mume wako kapona?"

"Anapumua mwenyewe. Bado ana matibabu."

Rhonda alitikisa kichwa kukubali, taratibu, kama anayepokea habari ya mtu wa familia. Kisha akanyoosha mkono. "Hiyo karatasi ni ya wakili?"

Verna akampa. Rhonda aliisoma yote, hata jina la mahakama lililo juu, akafika mstari wa tatu na kidole chake kikasimama. Aliingia ndani. Verna alisikia droo ikifunguliwa. Rhonda alirudi na kalamu, akaishikilia karatasi kwenye fremu ya mlango ili mwenzake apate mahali pa kuandikia.

"Iandike," alisema.

Verna alishika kalamu. Aliona kitanda cha wodini, na lile dirisha la ofisi ya malipo lenye wanawake wapole wanaosema samahani mama, bima yako imekataa. Tarakimu ilitoka imepinda, lakini ilisomeka: tarehe nne Februari. Akatia sahihi chini.

Rhonda aliipuliza wino ukauke, akaikunja mara mbili, akaitia mfukoni mwa suruali yake. Hakumrudishia. Alimwambia ataipeleka mwenyewe, sasa hivi, akishavaa viatu.

"Nitakuja na mahakamani," alisema Verna. "Nitasimama niseme yote."

"Njoo useme." Rhonda alikuwa ameshaanza kufunga mlango. Aliuacha nusu. "Raelynn ameanza kutembea Jumamosi. Hatua nne, kutoka kwenye kochi mpaka kwa yule mama mlezi. Wamenipigia simu kuniambia, wakadhani nitafurahi."

Kisha akaufunga.